Chetezo Ndani ya Sinema

Kaka yangu Massoud alikuwa bingwa wa kuchambua vitu ambavyo hajaviona. Mwaka ule wa hamsini na saba alikuwa na safu yake katika gazeti moja dogo la kila Ijumaa hapa Tanga, akaipa jina "Fimbo", na kila Ijumaa fimbo ikamwangukia mtu. Vitabu vya katuni aliviita uchafu wa akili, watu wanaosema kwa povu linalowatoka midomoni. Akiwapokonya wanafunzi wake darasani huja navyo nyumbani kuvichoma, na hadi leo moto havijauona. Vimepangwa chini ya kitanda chake vizuri kuliko nguo zake za Idi.

Rokenroli ndiyo usiseme. Aliandika kwamba mwimbaji wake ni mtu aliyekanyaga kaa la moto, na wenzake badala ya kumletea maji wanampigia gitaa. Barazani watu walicheka, naye akavimba kichwa. Nilipomuuliza ameusikia wapi muziki wenyewe, akanijibu kwamba mtu haonji sumu ndipo ajue ni sumu.

Hayo yote nilimwachia, yake na gazeti lake. Lakini alipoigeukia Jumatano yetu, hapo tulikosana.

Mie Mwanamwema ni mjane. Nilikuwa nimetoka eda mwaka huohuo, nakaa kwake Mabawa, napika, nafua, nasikiliza Fimbo ikisomwa kwa sauti kabla haijapelekwa gazetini. Kila Jumatano alasiri ukumbi wa sinema ulikuwa wetu wanawake watupu. Mwanamume ni Sadalla peke yake, msimamizi wa ukumbi, naye yuko juu chumbani na mashine yake. Tuliiita zanana. Mabuibui yanashuka mabegani, karanga zinapita mkono kwa mkono, na picha tunasemezana nayo kama jirani. Siipambi: nikiikosa Jumatano, wiki yangu nzima ni sufuria na kaka.

Basi ikatangazwa filamu ya kutisha, ya bwana harusi mfu. Fimbo ikaamka. Massoud aliandika kwamba wanawake watatoka mle ukumbini na mashetani vichwani, mimba zitaharibika, wali utaungua Tanga nzima. Mzee Shekhe, mkubwa wa baraza la mtaa wetu, akausoma wali huo ukiungua, akashtuka. Akasema Jumatano asubuhi wazee watakwenda bomani kwa Bwana DC, waombe zanana ifungwe. Si filamu ile tu, zanana nzima. Shahidi wao mkuu, Mwalimu Massoud.

Nilitia buibui nikaenda kwa Sadalla.

"Kaka yako ameiona hiyo filamu?" akaniuliza.

"Massoud? Hata bango lake analipita ameangalia upande wa pili."

Akacheka. Akasema filamu inaletwa na basi la Mombasa, kupitia Horohoro, na Jumanne asubuhi lazima aipitishe mwenyewe kwenye mashine atazame palipokatika, apagundishe. "Mlete akae. Akiiona, na bado akasema ni shetani, zanana nitaifunga mwenyewe. Mzee Shekhe asihangaike kupanda ngazi za boma."

Maneno hayo niliyafikisha barazani, mbele ya watu, ili kaka asipate pa kutokea.

"Shikamoo mzee," nilimwambia Mzee Shekhe, nikasema yote.

"Marahaba. Maneno ya haki hayo," akasema mzee. "Mwalimu, nenda kaone, keshokutwa asubuhi utupe neno."

Kaka alinitazama kama mtu aliyemwagiwa uji wa futari.

Jumanne tukaenda, yeye mbele na kanzu yake ya Ijumaa, mie nyuma na chetezo cha kufukizia ubani, maana mtu wa heshima habebi chetezo njiani. Alisema jini wa pichani ni jini vilevile, na tusipofukiza atatufuata hadi Mabawa. Sisi ni watu wa Pemba, ubani kwetu si wa kuchekwa, na mie nisingemcheka. Lakini kuna kufukiza na kuna kufukuza nyuki. Kaka aliweka chetezo sakafuni nyuma ya viti vyetu, akamimina ubani wa harusi na wa matanga pamoja, juu yake akaongeza udi.

"Mwalimu, moshi huo!" Sadalla akapiga kelele juu kwenye tundu lake.

"Fanya kazi yako, mwanangu," kaka akamjibu. Taa zikazimwa.

Mwanzo Fimbo ilifanya kazi vizuri. "Upuuzi," akasema. "Binti gani huyu anaolewa kwenye jumba zima bila kuuliza ukoo wa mtu?" Mume kumbe amekufa siku nyingi, mchana hayupo, giza likiingia anapanda ngazi na mshumaa kuja kugonga mlango wa mkewe. Mie nami nilikuwa na uchambuzi wangu. Kwetu pepo akimpanda mtu anaulizwa: we nani, watoka wapi, wataka nini? Atasema nataka halua, nataka kanga nyeusi, atapewa, ataridhika. Huyu mfu wa Kizungu anapanda ngazi tu, hana salamu wala haja. Jini asiyetaka kitu utamtuliza kwa kitu gani?

Basi nikageuka nimwambie kaka hayo, nikamkuta Fimbo ameisahau. Ameipandisha miguu kitini, kidole kimoja mdomoni. Yule bibi harusi alikuwa ameupata ufunguo, akauficha ndani ya kiatu, na mume yuko nje, kitasa kinazunguka polepole.

Ndipo moshi ulipofika. Ulikuwa ukipanda taratibu nyuma yetu, hadi ukakutana na mwanga unaotoka kwenye tundu la mashine. Uso wa yule mfu ukabanduka ukutani. Wallahi, ulibanduka! Ukaning'inia hewani juu ya vichwa vyetu, mkubwa, mweupe, unapepesuka.

Kaka alipiga ukelele ambao mwanafunzi wake hata mmoja asingeuamini. Akaanza Ayatul Kursi, katikati akaingia kwenye dua ya safari, na safari yenyewe akaianza papo hapo. Chetezo alikipiga teke, makaa yakatawanyika chini ya viti, ndara moja ikabaki. Mie nami sitajitia ushujaa, nilikuwa nimejifunika buibui gubigubi. Nilikuja kufunua macho Sadalla alipowasha taa na kushuka na ndoo ya maji, anacheka machozi yanamtoka.

"Ni moshi, dada," akasema. "Moshi umedaka picha kama ukuta unavyoidaka. Kaka yako amejitengenezea jini kwa ubani wake mwenyewe."

Makaa yakazimwa, mashine nayo ikazimwa, na mwisho wa filamu hatukuuona.

Nyumbani nilimkuta kaka anaandika, kalamu inakwaruza. *Nimeshuhudia kwa macho yangu jini akitoka ukutani.* Jamani! Mara ya kwanza maishani mwake kaka aliandika kitu alichokiona, na alichokiona hakikuwapo. Nikamweleza ya moshi.

"Moshi hauna macho, Mwanamwema. Yule alinitazama."

"Kaka, ukilisema hilo kesho barazani, zanana imekufa."

"Ni kwa faida yenu."

"Faida yetu ipi?" Hasira zilinipanda. "Nimekaa eda, sikunung'unika. Nimetoka, nakupikia, nakufulia, sijakuomba kitu. Nina alasiri moja tu ya kucheka katika wiki, nawe unaitaka hiyo hiyo! Unaniua, kaka, nami ni mzima."

Nilikwenda jikoni nikalia, na kuni za siku ile zilikuwa kavu, hazikuwa na moshi wa kusingizia.

Baada ya magharibi nikamwandalia chakula. Alikula, halafu, huku anachezea mwiba wa samaki, akasema, "Hivi, yule binti. Ule ufunguo alioficha kiatuni, ni wa mlango ule ule au wa mlango mwingine?"

Tonge likanisimama mkononi. "Sijui, kaka. Tulikimbia."

"Sikukimbia. Nilitoka."

"Basi tulitoka. Kesho wanawake wataona, kama zanana itakuwapo. Keshokutwa filamu inapanda basi kurudi Mombasa, na mwisho wake hutaujua hadi Kiyama."

"Si jambo la maana."

"Hata kidogo. Nikuongeze mchuzi?"

Akasema ndiyo, akausahau mchuzi.

Asubuhi nilisimama nyuma ya mlango, sikio kwenye ubao. Barazani kwetu nje kahawa imekwisha kumiminwa, wazee wamevaa makoti ya kwendea boma.

"Haya Mwalimu," Mzee Shekhe akasema. "Ni shetani au si shetani?"

Kaka alikohoa. Alikohoa tena. "Nimeichunguza," akasema. "Upuuzi umo, tena mwingi. Lakini shetani, hapana. Nilichokiona kilikuwa moshi."

"Umeiona hadi mwisho?"

"Karibu," akasema kaka.

Nilikaa chini sakafuni, nikamshukuru Mungu na yule bibi harusi.

Alasiri ile zanana ilijaa hadi watu wakakaa ngazini, na Fimbo ndiyo iliyoijaza, maana kila aliyesoma kwamba wali utaungua alitaka kujua unaunguaje. Mume alipogonga mlango, ukumbi mzima ulimjibu. "Sema wataka nini!" "Mpe halua aende zake!" "Shoga, kiatuni! Ufunguo uko kiatuni!" Naye bibi harusi akautoa ufunguo, na kumbe ulikuwa wa mlango wa uani. Akafungua mwenyewe, akashuka, akachukua farasi wa mumewe, akaondoka. Mfu akabaki ngazini na mshumaa wake anaita. Tulipiga vigelegele hadi Sadalla akachungulia tunduni.

Niliporudi nyumbani baraza ilikuwa imejaa. Saa ile Mzee Shekhe huwa kwake, lakini alikuwapo na kahawa iliyopoa, na kaka yuko kando yake. Kila mtu anaangalia barabarani kana kwamba barabara imeanza leo.

Kaka akasema, "Haya, Mwanamwema. Kwa ajili ya uchunguzi. Yule binti aliishia wapi?"

Niliwatazama mmoja mmoja. Makoti ya boma walikuwa nayo bado.

"Alikufa," nikasema.

"Lo! Masikini," akasema Mzee Shekhe. "Yule mfu alimfikia?"

"Mfu hakumfikia, mzee. Alikufa kwa kungoja. Ndugu zake wanaume walikuwa barazani wanajadili kama inafaa atoke."

Mzee Shekhe akaangalia ndani ya kikombe chake. Nikawapita, nikaingia ndani kubandika chungu.

Jumatano iliyofuata, nikijitanda buibui, nilikuta viatu vyangu havipo mahali pake. Kaka alikuwa navyo mlangoni, anavipangusa vumbi kwa leso yake.

"Wahi, usije ukakosa mwanzo," akaniambia, akaviweka chini mbele ya miguu yangu. "Na safari hii uniambie kweli."