Saa Moja na Dakika Hamsini

Bi Ermila alipika chakula cha siku tatu kwa safari ya Lima. Nilimkuta asubuhi uani kwake akifunga juane, yaani wali na kuku unaopikwa ndani ya majani, nikamuuliza kama anakwenda kulisha ndege nzima.

"Wewe endesha bajaji yako," akanijibu. "Safari huijui."

Yeye aliamini anaijua. Mwanawe Neiser alipoondoka hapa Iquitos miaka kumi na tisa iliyopita, alikaa siku tano kwenye meli ya mtoni, kisha akavuka milima kwa basi usiku na mchana. Hakurudi tena. Kila mama yake alipomuuliza kwa simu, jibu lilikuwa lile lile: "Mama, Lima ni mbali." Ndege Bi Ermila aliziona kila siku zikipita juu ya bati lake, ila hakuwahi kuuliza zinachukua muda gani kufika Lima. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mkwewe Yovana, mke wa Neiser, alikuwa amempatia daktari huko na kumkatia tiketi.

Nikampeleka uwanjani. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

Ndege iliporuka alifumba macho akasali rozari yake. Alipoyafumbua alimuuliza binti aliyeketi pembeni yake kile cheupe kule chini ni nini, akaambiwa ni theluji ya milimani. Ndiyo kwanza woga unaanza kumtoka, wakaambiwa wafunge mikanda.

"Tunatua wapi hapa?"

"Lima, mama."

"Acha utani, binti."

"Haki ya Mungu. Ni kilomita elfu moja na kidogo tu. Saa moja na dakika hamsini."

Neiser alikuwa akimsubiri mlangoni, kichwa kimeshaota mvi. Akamkumbatia. "Pole na safari, Mama. Umechoka?"

Bi Ermila akafungua kikapu, akamtia juane moja mkononi. Ilikuwa bado na joto.

"Nimeipika leo," alisema. "Shika, uone Lima ilivyo mbali."

Neiser akaishika, macho chini. Watu waliwapita na masanduku yao.

"Niliaga nikitamba kwamba nitarudi tajiri," alisema mwishowe. "Mwaka wa tano sina kitu, nikaona aibu. Baadaye nikaona aibu ya kutorudi muda wote huo."

"Nani alikuomba utajiri?"

"Hakuna, Mama."

"Basi ungesema ni aibu, ningekuelewa. Miaka yote hii nimeilaumu milima, kumbe haina kosa."

Siku mbili Bi Ermila hakusema naye ila habari za chakula. Siku ya tatu akatibiwa jicho la kushoto, na bandeji ilipofunguliwa alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akamwambia amekonda.

Neiser ndiye aliyemrudisha. Nilipowachukua uwanjani aliniomba nipite njia ya nyuma, nami nikajifanya sikusikia, nikapita katikati ya soko la Belén, ambako Bi Ermila ana meza yake ya kuuzia chakula. Wachuuzi wa samaki wakamtambua.

"Neiser! Kumbe u hai! Wanakulisha nini huko, upepo?"

Hakuna aliyemuuliza amechuma nini. Alicheka nao, akashikana nao mikono, kisha akaenda kuketi nyuma ya meza ya mama yake, akalia. Bi Ermila alimwacha alie, akamgeukia mteja aliyesogea kuuliza chakula.