Siku ya Sitini Nje ya Mlango wa Bunge

Jana mchana, Bunge lilipoahirishwa kwa chakula, nililala mezani kwangu nikaota ofisi yetu imehamia mpakani.

Naitwa Mwamvita. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa kuandika kila neno linalotamkwa bungeni, ili liingie katika taarifa rasmi. Mwanangu Hatibu ni askari. Alipelekwa nchi jirani, kwa kile tulichoambiwa ni mazoezi. Sheria yetu inasema Rais anaweza kupeleka jeshi nje kwa siku sitini tu. Siku ya sitini ikifika na Bunge halijaridhia, askari wageuze warudi.

Basi, ndotoni mpaka wa nchi ulikuwa kamba ya kuanikia nguo. Bwana mmoja nadhifu, msaidizi wa Rais, aliifungua, akaikunja, akaitia kwapani.

"Unaupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Mbele kidogo. Zikitimia siku sitini, sheria inakataza askari kuvuka mpaka. Haikatazi mpaka kuwavuka askari."

Nikayaandika maneno yake, maana ndiyo kazi yangu. Moyoni nikasema, huyu ana lake jambo.

Mara tuko bungeni. Siku hamsini na tisa zimejipanga mstari kwenye mabenchi ya ukumbini, kila moja imepakata begi lake. Mlangoni amesimama Siku ya Sitini, bibi mnene aliyejifunga kanga. Amebisha hodi hata vidole vimevimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawanifungulii. Wanasema mimi si ya sitini, ni ya kwanza. Eti jana askari walirudi nyumbani kunywa chai, kisha wakaondoka upya."

"Walikunywa kweli?"

"Hakuna hata mmoja aliyesikia harufu yake."

Nikaingia kwa mlango wa watumishi. Ndani, juu ya meza, Siwa ya Bunge ikakohoa. Ni lile rungu la dhahabu linalotangulia mbele ya Spika. Sikushangaa kuisikia, imesikiliza miaka mingi kuliko mimi.

"Sheria inahesabu siku za vita," ikasema. "Mazoezi hayana siku. Bibi atapita neno vita likionekana katika taarifa rasmi."

Nikafunua kurasa zangu haraka. Kila mahali nilipokuwa nimeandika neno hilo palikuwa na tundu dogo, la herufi nne. Upepo ulipita humo.

Nikageuka. Msaidizi wa Rais alikuwa nyuma yangu na mkasi.

"Tumesahihisha," alisema kwa upole mno, hata nikahesabu vidole vyangu. "Limebaki jina lako. Kuanzia leo wewe ni Bi Mwammazoezi."

"Na mwanangu, yuko wapi?"

"Kijana wako anaendelea vizuri sana. Juzi alifanya mazoezi ya kuzikwa, akafaulu."

"Kufaulu ndiko kufanyaje?"

"Alitoka shimoni. Safari hii."

 Akanisogezea ukurasa wa mwisho. "Weka saini kwamba taarifa ni sahihi. Ile fupi tu, kama kawaida yako."

Kawaida yangu ni kuchora mkia mmoja na nukta. Nikashika kalamu. Nikaandika jina langu zima, kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza: MWAMVITA.

Akaurukia ukurasa na mkasi. Mkasi ukagoma kufunguka.

"Mimi hukata maneno ya waheshimiwa," ukasema. "Hili ni jina la mtu. Alipewa na mama yake."

Siwa ikainama, ikasoma. "Neno limo."

Mlango ukafunguka. Bibi akaingia bila haraka, akapita katikati ya wabunge, akaketi kiti cha mbele kabisa upande wa serikali, akavua ndara zake. Papo hapo ikasikika sauti kutoka mbali, kama kunde zinazomwagwa kwenye ungo. Ni viatu vya askari, maelfu kwa maelfu, vinageuka.

"Umefanya nini?" msaidizi akaninong'oneza. Kamba ikamponyoka kwapani.

Nikaamka, shavu limelalia kibodi. Kengele ya kikao inalia, wenzangu wanakusanya makaratasi. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Hatibu, wa kwanza baada ya siku kumi na tisa.

"Shikamoo mama. Mimi mzima. Leo mchana tulivua viatu tukajipumzisha. Kuamka, viatu vya kikosi kizima vimegeuzwa, ncha zinatazama nyumbani. Afande anauliza ni nani. Hakuna anayejua."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaifunika simu kwa kiganja, nikajibu:

"Marahaba, mwanangu. Msivirudishe."