Bandeji Juu ya Ufa

Pale mtaani walimwita Bandeji, na jina hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuvisha ekzosi za magari ya tabo utepe wa kuzuia joto, na alipomaliza, bomba la moshi lilifanana na mguu uliotoka hospitali. Aliulowesha utepe kwenye ndoo kwanza, akauzungusha kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, kisha akaubana kwa vibano vya chuma. Pale utepe usipofaa, alipaka rangi ya seramiki inayohimili joto, akaioka. Kanuni yake ilikuwa moja tu: hafuniki asichokikagua. Wateja wengine waliiita kiburi. Walikuja kuvishwa, walisema, hawakuja kupimwa.

Kiwanja alichofanyia kazi kilikuwa cha shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji hakumtoza kodi. Alimtoza heshima, tena kila asubuhi.

Mwaka huo shemeji alinunua gari la tabo akajiunga na klabu ya wanaume wa rika lake, watu wazima wenye vitambi vyao, waliokutana kila Jumamosi hapo hapo kiwanjani kufungua maboneti na kutazamana injini, kama wazazi wanaolinganisha watoto. Asiye na utepe kwenye ekzosi alisimama nyuma. Jumamosi iliyokuwa inakuja wangechagua nahodha. Shemeji alikwishajichagua moyoni. Zilibaki kura tu.

Alhamisi akaleta gari lifungwe. Bandeji akaingiza tochi na kioo kidogo, akakuta ufa kwenye manifodi, kile chuma chenye vidole vinne kinachokusanya moshi wa injini. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na masizi yameuzunguka. Chini yake bomba la oili ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, lilikuwa linavuja. Akamweleza taratibu kwamba utepe ungefungia joto ndani, ufa ukue, moto upenye ukutane na oili, na moshi uingie kwenye viti wanapokaa dada na watoto. Kuchomelea na kubadilisha bomba ni siku tatu.

"Siku tatu ni Jumapili," alisema shemeji. "Wewe funga tu. Huo ufa atauona nani?"

"Moto utauona."

"Shemeji, kumbuka umesimama kwenye kiwanja cha nani."

"Ndiyo maana sitaki kukiunguza."

Ijumaa shemeji akafunga mwenyewe, simu mkono mmoja, utepe mkono wa pili. Hakuulowesha. Akapita juu ya ufa, akapita juu ya bomba la oili, na kwa kuwa utepe ulibaki, akafunga hadi kijiti cha kupimia oili, ambacho tangu kiumbwe hakijawahi kulalamikia joto.

Jumamosi wanaklabu wakajaa. Shemeji alimkalisha mkewe kiti cha nyuma na watoto wawili, maana kampeni yake ilisema klabu ni familia. Akawasha injini, akashuka, akaanza hotuba.

Moshi ukaanza kutoka kwenye boneti. Hakuna aliyeshtuka. Utepe mpya hufuka unapopata moto mara ya kwanza, na Bandeji mwenyewe ndiye aliyewafundisha hilo. Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, akaeleza wenzake kwamba kitambaa kinaiva. Mwingine akaongeza kwamba moshi ukizidi ndipo ujue mali si ya bandia. Shemeji akahutubia akikohoa, wakampigia makofi wakikohoa.

Bandeji alikuwa mlangoni kwake. Moshi wa utepe ni mweupe, unanuka kitambaa. Huu ulikuwa na ubuluu, na ulinuka oili. Alijua hesabu yake: akikosea amepoteza kiwanja, akipatia amekipoteza vilevile. Akabeba mtungi wa kuzimia moto, akafungua mlango wa nyuma.

"Dada, shuka. Nipe mtoto."

Dada hakuuliza. Yule mdogo ndiye aliyemuuliza Bandeji, "Mama mdogo, baba anapika nini?"

Walipofika hatua kumi, ulimi wa moto ukachungulia chini ya boneti. Wanaklabu wakakumbuka ghafla kwamba wana miguu. Bandeji akazima injini, akainua boneti kidogo, akapuliza unga mweupe mpaka mtungi ukakohoa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine humuumbua mbele ya wapiga kura. Lakini shemeji, mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi, hakuwa mtu wa kuumbuka upesi. Aliwaeleza wenzake kwamba hayo waliyoyaona ni mtindo mpya wa seramiki, unaopuliziwa chuma kikiwa cha moto ili ishike. Mwenyekiti akagusa ule unga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mmoja akauliza kama ipo nyekundu.

"Waambie, shemeji," alisema mwenye kiwanja, kwa sauti laini ya mtu mwenye ufunguo wa geti. "Waambie hii ni nini."

Bandeji akawatazama wale wanaume saba, kila mmoja na gari lake, na viti vyake vya nyuma.

"Ni unga wa kuzimia moto. Na chini yake kuna ufa niliokuonyesha Alhamisi."

Chuma kilipopoa akatoa kisu, akakata utepe mbele yao. Ufa sasa ulimeza ukucha. Mwenyekiti aliondoka kwenda kufunga boneti lake mwenyewe.

Kura zilipigwa hivyo hivyo. Shemeji alipita bila kupingwa, kwa utulivu aliouonyesha penye hatari. Aliyetoa hoja ni yule aliyekimbia mbali kuliko wote. Kazi ya kwanza ya nahodha ikawa kumwambia shemeji yake ahame kabla ya jua kuzama. Dada akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kazi, akashika upande mmoja wa sanduku la spana, wakavuka nalo barabara mpaka ukumbi mtupu wa fundi magodoro.

Jumatatu asubuhi gari la mwenyekiti lilisimama nyuma ya magodoro, mahali pasipoonekana kutoka ng'ambo. Akashusha kioo nusu, akauliza kwa kunong'ona kama angeweza kukaguliwa.

"Zima injini, mzee," alisema Bandeji. "Tuanze na chini."