Mlango Uliofuata Tetesi

Mama alifungua mlango wa mbele atupe vipande vya vitambaa vilivyozagaa chini ya cherehani, akakuta theluji imefika kizingitini. Ng'ambo ya theluji watu waliovaa makoti mazito walikuwa wanasubiri basi. Mama akaitazama ile theluji, akautazama ufagio wake, akafunga mlango.

"Tetesi zimehamia kwenye baridi," akamwambia binti yake mdogo. "Wewe pitia uani. Na ukafike kwa mjomba wako, umwambie yeye na genge lake wapunguze domo. Miguu yangu haiwezi mambo haya."

Binti mdogo aliitwa Kimya na kila mtu, hata walimu, kwa sababu maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja. Dada yake aliitwa Ngazi, na huyo hakuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote mwenye redio. Alikuwa mcheza kikapu ambaye akishaurusha mpira, wapinzani wanageuka kurudi upande wao bila kungoja kuona umeingia au la. Sasa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa huru kusaini klabu yoyote aitakayo, na mtaa mzima ukaacha shughuli zake ukaanza kubashiri.

Mlango wa mbele ulifuata tetesi hizo. Redio ilikuwa inataja klabu, wanaume kwenye kinyozi cha mjomba, kibanda chake cha kunyolea, wanaichambua, na wakishakubaliana kwamba ni hiyo, mlango unafungukia huko. Walipoamini ni klabu ya bandarini, mama alifungua akakuta makreni na harufu ya samaki, na wateja wake ikabidi wazungukie uani wiki nzima.

Hakuna aliyeshangaa, maana mambo haya hayakuanza leo. Ngazi aliposaini kwa mara ya kwanza, mlango ulitulia kwenye geti la nyuma la klabu yake, na haukubanduka hapo mpaka mkataba ulipokwisha. Getini alikaa mlinzi mwenye masharubu. Mama alikuwa anabeba chakula cha mwanawe, anavuka kizingiti, mlinzi anamuuliza, "Mama, una kitambulisho cha klabu?"

"Nina kovu la kumzaa."

Mlinzi alikuwa anasikitika kweli, halafu anafunga geti. Miaka yote ile Ngazi alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mama na Kimya walimwona kwenye televisheni kama watu wengine.

Atakaposaini safari hii, mlango utatulia tena. Hilo ndilo lililomnyima Kimya usingizi. Klabu iliyovuma kuliko zote ilikuwa ile tajiri, ambayo watu waliiita Kubwa tu. Siku kinyozi kilipoiamini, mlango ulifungukia kwenye ukuta mrefu wenye kamera, geti ndani ya geti. Mama aliuangalia mara moja tu, akarudi kwenye cherehani, akakaa bila kushona. Wakimpigia Ngazi, simu inapokelewa na wakala wake. "Yuko kwenye kikao," wakala anasema. "Atawapigia." Alisema hivyo asubuhi, akasema hivyo jioni, na ungedhani kikao chenyewe kina vitanda.

Kimya alipofika kwa mjomba, alikuta kumechemka. Fundi baiskeli alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Theluji hamna kitu! Anakwenda Kubwa. Ameonekana uwanja wa ndege."

"Kaonwa na nani?" mjomba akauliza.

"Na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye macho! Wewe kinyozi au polisi?"

"Tulia. Nikikukata sikio utasema na lenyewe limesajiliwa."

Wote wakacheka. Kimya akasimama mlangoni, akatoa ujumbe wa mama kuhusu miguu. Alitakiwa aishie hapo. Lakini neno jingine lilikuwa limemkaa kooni tangu alipoona ule ukuta, na likatoka lenyewe.

"Kuna mtu amemuuliza yeye?"

Mjomba akazima mashine. "Amemuuliza nani, mwanangu?"

"Dada."

Wanaume wakatazamana. Wote walikuwa wamemjua Ngazi tangu akidunda mpira kwenye uwanja wa nyuma ya kinyozi, kabla mheshimiwa diwani hajauzungushia uzio ukawa maegesho ya magari. Pete za kikapu bado zilikuwepo, ila zilikuwa zinaanikiwa matambara ya kuoshea magari. Ngazi alihama mtaa kwa kukosa pa kurushia mpira. Leo walikuwa wamemsajili kila kona ya dunia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kumuuliza.

"Basi tunyamaze," mjomba akasema, akafunga redio. "Leo tu. Mnaweza?"

Ilikuwa kazi. Fundi baiskeli ilibidi aume kitana.

Alasiri ile, mtaa ukiwa hauamini chochote, mlango ulikosa tetesi ya kufuata, ukamfuata mwenyewe. Kimya alipoufungua alikuta chumba cha hoteli, na Ngazi amekaa kitandani na mfuko wa barafu gotini.

"Pita, unaingiza joto," Ngazi akasema. "Mama yuko wapi?"

"Anapinda suruali ya mtu. Kikao kimekwisha?"

"Kikao gani? Niko hapa na barafu. Wakala anasema nyinyi mnataka niende Kubwa."

"Hatujasema kitu. Wewe unataka wapi?"

Ngazi akasogeza barafu upande mmoja, akairudisha upande wa pili.

"Kuna timu inaburuta mkia," akasema mwishowe. "Tulicheza kwao, tukawafunga mpaka nikaona haya. Mechi ilipokwisha hawakuzima taa. Wakaingia watoto wa mtaani na mipira yao. Nikamuuliza mfagiaji, mnafunga saa ngapi? Akaniambia, tufunge nini, dada, na geti hatuna?"

"Basi nenda."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana," Kimya akasema. "Wa kwanza mjomba."

Mama akaingia na futi yake shingoni, akamtazama mwanawe kuanzia chini.

"Suruali gani hiyo inaishia kwenye ugoko? Simama nikupime." Ngazi akasimama kwa mguu mmoja. Mama akampima polepole, akarudia tena, na alipofika kiunoni akamkumbatia, akabaki hapo na futi mkononi.

Ngazi alisaini wiki ile ile na timu ya mkiani. Wakala alikwenda likizo bila kuaga. Kwenye kinyozi kulikuwa kama matanga. Fundi baiskeli alikataa kumaliziwa kichwa siku nzima. Mlango ukatulia kando ya uwanja usio na geti, na yule mfagiaji akamwambia mama, "Karibu, mama mtu. Chakula hicho ni cha mmoja?"

Tangu hapo, kila wakitoka shule, wasichana wa mtaa wanapanga foleni uani na mpira wao, wanapita jikoni, wanapita sebuleni, wanatokea huko. "Futeni viatu!" mama anapiga kelele bila kuinua macho kwenye sindano.

Mheshimiwa naye alikuja kutoa pongezi. Alikuwa amebandika picha kubwa ya Ngazi kwenye uzio wa maegesho, na sasa alitaka kuvuka apigwe picha naye. Kimya alikuwa kizingitini.

"Foleni inaanzia uani, mheshimiwa."

Akaenda kusimama nyuma ya msichana mwenye mpira. Zamu yake ilipofika akafuta viatu, akavuka, akapigwa picha, akarudi akimwambia mama kwamba uwanja ule ni mzuri sana na watoto kweli wanahitaji kitu kama kile. Kisha akapitia uani kwenda kuchukua gari lake, alilokuwa ameliegesha chini ya pete.

Kimya akavua ndala, akavaa raba, akaingia uwanjani.