Kiti cha Abiria

Jumamosi asubuhi mkaguzi wa mizani aliingia kwenye yadi ya magari na daftari lake mkononi. Mkewe, mshonaji, alimfuata nyuma katika gauni la kijani alilolimaliza juzi. Magari mawili ya spoti yalikuwa yameegeshwa ubavu kwa ubavu, mekundu yote, ya viti viwili viwili. Moja lilikuwa toleo la elfu mbili na tisa, jingine la elfu mbili na kumi. Mshonaji aliyaona pacha. Mumewe hakuamini kwamba kuna pacha duniani. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kuwa kilo ya duka hili si kilo ya duka lile, na kazi hiyo aliileta mpaka nyumbani. Katika miaka mitatu ya ndoa, mshonaji alikuwa amelinganishwa na mtalaka wa mumewe katika upishi, usingizi, ufungaji wa milango, hata namna ya kupiga chafya.

Fundi wa magari alifungua boneti, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, akatega sikio kwenye mpini.

"Bosi, chukua la mwaka tisa," alisema. "La mwaka kumi walibadilisha giaboksi. Linakuwa tamu mwanzoni, halafu gia ya tatu inakutupa. Nimeshayafungua mengi."

"Na huyu je?" mshonaji aliuliza, akionyesha kwa kidevu.

Katika kiti cha abiria cha gari la mwaka tisa alikaa mtalaka wa mumewe, kajifunga mkanda, mkoba mapajani. Mtalaka mwenyewe saa hiyo alikuwa kazini benki, upande wa pili wa mji, na wote watatu walilijua hilo.

"Huyo anakuja na gari, shemeji. Hana uzito. Mafuta hayaongezeki hata tone."

Wivu ulimpanda mshonaji mpaka masikio yakamwaka moto. Zile nyusi alizijua kutoka kwenye picha ambayo mumewe alidai ameitupa.

"Tuchukue la mwaka kumi," alisema. "Kiti chake kitupu."

"Litatuacha njiani."

"Bora liniache njiani nikiwa ndani."

Mume alimfungulia daftari. Safu mbili, alama za vema zote zilikuwa upande mmoja. "Hapa hatuongelei mapenzi, mke wangu. Tunaongelea uimara." Akaenda ofisini kwa dalali kutia sahihi.

Mshonaji aliinama dirishani. "Shuka."

"Ningeweza ningeshashuka, mdogo wangu."

"Unaona raha tu. Wewe ndiye imara."

"Mimi?" Yule wa garini alicheka kidogo. "Miaka sita niliambiwa kwamba mwenzangu aliyenitangulia hakuwahi kuunguza hata maji ya chai. Giaboksi mbovu nilikuwa mimi. Uimara nilipewa nilipoondoka."

"Mwenzako yupi tena?"

"Mchumba wake wa zamani. Yuko kwenye ile pikipiki aliyoiuza."

Mshonaji alidhani wivu ungepungua. Haukupungua, ulipata tu mtu wa pili wa kumwonea.

Mume alirudi akichezesha funguo, akaingia, akasogeza kioo cha kati. Alitazama kiti cha pembeni, akatazama mkewe aliyesimama nje, na akafanya hesabu ya viti viwili bila shida yoyote.

"Wewe utapanda basi la abiria," alimwambia kwa upole. "Sisi tutatangulia. Ni nusu saa tu."

Gari liliwaka mara moja, likatoka getini.

Mshonaji aligeuka. Katika kiti cha abiria cha gari la mwaka kumi sasa alikaa mwanamke mwenye gauni lile lile la kijani, kajifunga mkanda, ametulia kama mtu asiyewahi kukosolewa maishani. Mshonaji alilikagua pindo la gauni kupitia kioo. Lilikuwa limenyooka, naye alikiri moyoni kwamba kazi yake ni nzuri.

Fundi alikuja na kitambaa, akafuta vumbi dirishani.

"Hawa wa mwaka kumi," alisema, "sifa zao huja baadaye."

Mshonaji alimuuliza basi linapita saa ngapi.