Sanamu ya Theodora Isiyo na Baiskeli

Theodora wa Puge aliwahi kushinda mbio za baiskeli kutoka Nzega hadi Tabora, akawaacha nyuma hata wanaume waliokuwa wamemcheka asubuhi. Mji ulilitafakari jambo hilo mpaka nywele zake zikawa nyeupe, kisha ukaunda kamati.

Kamati ikaketi, ikala, ikaketi tena, ikaamua asimamishiwe sanamu kwenye kipilefti, pale barabara zinapokutana. Mwenyekiti, Bwana Erasmus, ambaye baiskeli aliijua kwa kubebwa tu, alikwenda kumpasha habari.

"Shikamoo, mama. Tumeamua kukuenzi ungali hai."

"Marahaba, baba. Mmewahi."

Alijibu kwa kejeli, lakini moyoni alifurahi. Mchongaji Tobias alipokuja, Theodora alimwonyesha jinsi alivyokuwa akiinama na kukaza ngumi kwenye usukani.

Lakini sanaa ni ya kamati. Mjumbe mmoja alihofia kaptura itapotosha maadili, hivyo sanamu ikavishwa kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwingine akasema baiskeli inaleta picha ya umaskini, ilhali mji unasonga mbele. Baiskeli ikaondolewa.

Siku ya uzinduzi kitambaa kilivutwa. Akatokea mwanamke wa saruji, ameinama, ngumi mbele, hajashika kitu.

"Anakamua ng'ombe," mtu alisema.

"Wapi! Anafua."

Theodora aliyasikia yote. Akakabidhiwa kipaza sauti atoe shukrani.

"Nashukuru sana," alisema. "Ila mwenyekiti anisaidie. Hapo nafanya nini?"

Erasmus akakohoa. "Mama, hiyo ni sanaa. Kila mtu anaona chake."

"Basi mimi naona nimeibiwa baiskeli."

Watu waliangua kicheko. Mgeni rasmi naye alipocheka, kamati ikagundua kwamba kweli inachekesha. Palepale Hardik, mwenye duka la vipuri karibu na soko, akapaza sauti kwamba ana baiskeli kuukuu anaitoa bure.

Kesho yake Tobias akaichomelea mahali pake kwenye nondo za sanamu, akakipunguza kitenge kwa patasi hadi magotini ili miguu ifikie pedali. Hakumwomba mtu ruhusa. Kamati nayo, bila haya, ikatangaza kuwa hiyo ndiyo awamu ya pili, na kwamba ilipangwa tangu mwanzo.

Kasoro ikabaki moja: tandiko lilikuwa chini mno, sanamu ikawa imeelea juu yake. Erasmus akamleta Theodora alione, jasho likimtoka.

"Tutalirekebisha, mama. Kuna awamu ya tatu."

Theodora aliizunguka sanamu polepole. Akatazama mgongo ule ulioinama, akatazama paja lililokazwa, akasahau kabisa kwamba alikuja kugomba.

"Msiguse," alisema. "Kwenye kupanda mlima hakuna anayekalia tandiko."