Chaki za Mama Lukasi

Siku ya tatu baada ya kumzika mwanawe, Anaeli alirudi jikoni kwake Mhezi na kushika kazi yake ya kila mwaka. Alikaanga jasi ya Makanya kwenye sufuria kavu, akaitwanga, akaichekecha mara mbili kwa kipande cha kanga, akaikoroga na maji kidogo. Kisha akaimimina ndani ya vikonyo vya majani ya mpapai alivyoviziba chini kwa udongo. Ikiganda, hupasua kikonyo, na chaki hutoka nyeupe, imenyooka. Mwanawe huyo, Lukasi, alifundisha hesabu chuo kikuu miaka kumi na tisa, na kila Desemba alirudi mjini na mafungu yake ya chaki, yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Mama Lukasi, hizo za nani tena?" aliuliza jirani yake, Yudith, taratibu.

"Za wanafunzi wake. Aliyekufa ni mwalimu, ubao haujafa. Nitampa yule binti anayeleta vitu vyake azipeleke."

Binti mwenyewe alifika kabla ya saa sita. Aliitwa Salha, mtu wa Same mjini, aliyewahi kufundishwa na Lukasi na baadaye akawa msaidizi wake. Alikuwa na boksi la vitu vya ofisini kwa marehemu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, kigoda hicho kina mguu mbovu."

Anaeli alitoa kitu kimoja kimoja. Miwani. Kikombe kilichovunjika mkono. Sweta la kijani alilomfumia mwenyewe. Chini kabisa, mafungu manne ya chaki. Aliyageuzageuza. Kamba zilikuwa bado na fundo lake, lile la kupitisha mara mbili na kuficha ncha. Hakuna aliyelifungua.

"Hizi ni za miaka minne," alisema. "Alikuwa anaandikia nini?"

Salha aliinamisha kichwa. "Mbao zilitolewa, bibi. Siku hizi tunaandika kwenye kishikwambi, maandishi yanatokea ukutani, na wanafunzi wanayapata kwenye simu zao."

"Nami nikamuuliza Desemba, chaki zinatosha? Akaniambia, zinatosha mama, hata zinabaki."

"Alitukataza tusikwambie. Alisema ndiyo kazi pekee uliyobaki nayo ya kumfanyia."

Yudith alisonya, akageukia ukuta. Anaeli alitazama vikonyo ishirini na sita vilivyosimama kwenye kopo, jasi ndani yake ikianza kuganda, na hapakuwa na mtu duniani wa kumpelekea.

Salha alitoa kishikwambi mkobani. "Kipindi chake cha mwisho kimo humu. Utatazama?"

Lukasi alitokea kwenye kioo, mdogo kama kiganja, akiandika kwa kalamu isiyo na wino. Tarakimu zake za saba zilikuwa na kamkia kalekale ka tangu darasa la pili. Alipomaliza, aliweka kalamu chini, akakung'uta mikono, akaifuta mara mbili kwenye suruali. Darasa likacheka.

"Mwalimu, vumbi liko wapi?" sauti moja ilidakia.

Lukasi naye akacheka, akitazama vidole vyake. "Liko Mhezi, kwa mama."

Picha ikasimama hapo.

"Rudisha," alisema Anaeli.

Salha akarudisha. Mikono ikakung'utwa tena.

"Rudisha."

Walirudisha mpaka kioo kikazimika, chaji imekwisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Anaeli aliendelea kukishika vilevile, cheusi.

Yudith alileta chakula cha mchana, na Salha akapiga magoti na jagi na beseni, kama mjukuu. "Nawa, bibi, ule walau kidogo."

Anaeli alitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, vumbi la jasi limeingia katika kila kunjo la ngozi. Aliirudisha taratibu ndani ya kanga, akaikumbatia kifuani.

"Kuleni ninyi," alisema. "Mimi sinawi leo."